Mpunga Wako Umezamisha Mizizi Huku Meru

Mama, shikamoo! Naandika nikiwa na udongo hadi masikioni, na Mlima Meru umejitokeza mawinguni kututazama.

Ule mpunga wako unaonukia, uliotaka kuacha kuulima, hata kuuza shamba, kwa sababu ya ukame, mimi na watafiti wenzangu tuliuchavusha na mpunga wa milimani wenye jeni ya kupeleka mizizi chini kabisa. Msimu huu tuliunyima uzao wao maji. Mpunga wa jirani ulikauka, huu ukabaki kijani! Leo nikachimba kuufuata mzizi mmoja. Baba Neema, mwenye shamba, akanicheka: "Binti, utatokea upande wa pili wa dunia!" Nilifika kiunoni ndipo nikaiona ncha yake.

Bado nilikuwa na hofu: je, harufu imebaki? Nikafikicha jani, nikanusa. Mama, linanukia vilevile! Nikapiga yowe, Baba Neema akarukia shimoni, naye akanusa, tukacheza humo kama vichaa mpaka mkewe akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Usiliuze shamba, mama. Nakuja na mbegu. Nakukumbatia na matope yangu yote.

Mwanao, Tumaini