Arobaini Chini ya Migunga

Baba,

Shikamoo. Ulipokuwa hai nilikuamkia kila asubuhi, na mara nyingi hukuitika, maana ulikuwa umeinamia migunga yako saba ukitafuta viwavi. Basi leo pia sitegemei marahaba. Naandika kwa sababu kuna jambo nililolifanya, na hakuna mwingine atakayeumia nalo kama wewe. Nataka uumie kidogo.

Vipepeo wako wamekwisha.

Wale wadogo wa buluu, wasiofika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ambao ulisema hawapatikani popote toka Msambweni mpaka Vanga ila kwenye migunga yetu. Mzungu aliyekufundisha kuwatazama alirudi kwao bendera ilipobadilishwa, nawe ukabaki nao. Majirani walikuwa wakifyeka vichaka wapande mihogo, wakakucheka kwa kuiacha miiba mlangoni. Ukawajibu, "Hawa nao wana uhuru wao." Watu walilirudia neno hilo sokoni kwa kejeli mwaka mzima. Niliona aibu kuwa mwanao.

Nikwambie ilivyokuwa. Arobaini yako ilipokaribia, wageni walikuwa wanatazamiwa kutoka Funzi na Ramisi, na mahali pa kutandika majamvi palikuwa pale tu, chini ya migunga, penye kivuli. Ndipo walipokuwa wale sisimizi weusi wanaobinua matako wakikasirika. Shangazi alisema haiwezekani mashekhe wasome hitma huku wanajikuna mapaja. Nikacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Kisha nikabandika masufuria mawili makubwa, maji yakachemka, nikayamwaga mwenyewe kwenye kila shina, ndani ya kila tundu. Waliosalia nikawatilia jivu la moto. Unanijua, kazi yangu huwa safi.

Hitma ilisomwa vizuri, wali ukatosha na kubaki. Watu walisema binti yako amekuheshimu.

Kaka Hamadi hakuwapo, meli yake ilikuwa mbali. Alifika mwezi na nusu baada ya maziko yako. Alikwenda kaburini, halafu akaenda kwenye migunga kabla hata hajala. Akarudi akaniuliza, "Sisimizi wako wapi?" Nikamweleza, tena kwa majivuno kidogo. Akaketi kizingitini. Ndipo aliponieleza uliyomfundisha yeye akiwa na miaka tisa. Kwamba kiwavi wa kipepeo yule hulala mchana ndani ya shimo la sisimizi. Kwamba humtolea sisimizi tone tamu mgongoni, na sisimizi humlinda asiliwe na nyigu na buibui. Bila sisimizi hamalizi hata siku tatu. Kwa hiyo maji yangu yaliwaunguza wote pamoja, walinzi na watoto.

Miaka tisa, Baba. Mimi nina thelathini na mbili, na nimefagia mpaka ukingoni mwa migunga ile tangu nilipoweza kushika ufagio. Mimi uliniambia, "Usiguse hapo." Basi. Nilidhani ni miti unayoionea uchungu, na miti sikuigusa, hata kitawi sikukata. Nilikupikia, nikakufulia, nikakulisha kwa mkono ulipoanza kutetemeka, na elimu yako ukampa mwana wa kiume anayeishi baharini. Ungeniambia neno moja tu... Siku ile nilikuchukia. Nilikuchukia huku nakulilia, na sijui kama wafu hulielewa hilo.

Vipepeo wachache waliokuwa bado wakiruka walitaga. Nikakaa chini ya mti nikiwafukuza nyigu kwa leso, asubuhi mpaka adhuhuri, siku baada ya siku. Nikiingia ndani kuswali, nikitoka, kiwavi hayupo. Wa mwisho nilimwona akibebwa. Nyigu alipita naye karibu na uso wangu, wala hakuwa na haraka.

Nimekwenda Jego mara tatu, nikaleta matawi ya migunga ya kule yenye sisimizi wa aina ile ile, nimeyafunga ndani ya gunia. Wameniuma mpaka mikono ikavimba. Sasa wamekaa kwenye miti miwili na wanachimba. Kipepeo hata mmoja hajaja. Hamadi asema wa kuja hayupo, kwa kuwa waliokuwapo pwani hii yote walikuwa hapa. Alilisema hilo kwa upole, na ningependa angenipiga kofi.

Nakuaga, Baba. Mola akupe kauli thabiti na kaburi pana. Nitawatunza sisimizi hawa hata kama wanalinda nyumba tupu, na nakuahidi sitakufa nimemficha mwanangu neno. Mjukuu wako Mwanaisha sasa ana miaka saba, na anajua yote aliyoyajua Hamadi. Jana aliniuliza vipepeo wenyewe wako wapi. Nikamwambia niliwaua mimi, tukikuandalia arobaini. Akafikiri, kisha akauliza kwa nini babu hakuniambia mapema. Nikataka kunyamaza, maana naye ni msichana. Lakini ahadi ni ahadi. Nikamwambia.

Binti yako,
Mwanamkuu