Sauti Iliyopitia Singe

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipata; marahaba. Baba yako Elia amemaliza kuvuna maharage, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeuliza redio yetu ndogo ilifikaje Bonga kutoka Babati mjini. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya. Kibali hatukuwa nacho, ila tulikuwa na mitambo mitatu ya kurushia matangazo, tuliyoiunga wenyewe. Wa mjini ulisikika mpaka Singe tu. Pale mwenzetu Baba Paulo aliidaka sauti kwa redio yake, akairusha kwa mtambo wake, nami nikaipokea Bonga na kuisambaza. Kila mtambo ulikuwa na masafa yake, la sivyo ungesikia mluzi mtupu. Baba Paulo akizima, Bonga kimya.

Asubuhi moja kijana wa mjini alisoma tangazo la msiba: bibi mmoja amefia hospitali, atazikwa kwao Bonga. Hakujua kwamba ni mama yake Baba Paulo. Kwetu mtu haambiwi hivyo. Wazee humwendea, wakamkalisha kwanza. Nilingoja sauti ikatike. Haikukatika. Jina la marehemu, majina ya watoto wake, saa ya maziko, vyote vilifika.

Nilipanda baiskeli ya babu yako hadi Singe. Baba Paulo alikuwa ameketi kando ya mtambo, mkono juu ya betri.

"Mama Elia," akasema, "Bonga mmesikia vizuri?"

"Tumesikia, baba."

Ndipo akazima, akalia.

Hivyo ndivyo ilivyofika, mjukuu wangu.

Bibi yako, Bonga