Honi za Igawa

Sekela, mjukuu wangu,

Huku Ipogolo tu wazima, ila usingizi hamna. Mwandiko ukipinda, jua ni baba yako mdogo anavuta kalamu huku ananyonya. Nacheka kweli ukiniita bibi, kisa tu baba yako ni mtoto wa dada yangu!

Umeniambia habari za panya wa maabara yenu. Wanafundishwa kuogopa mlio, baadaye wanakumbushwa, na woga ukishaamka wanachomwa dawa ya kuuvuruga. Wengine hutulia, wengine wapi. Ukauliza kama mimi ningeikubali dawa hiyo.

Nikiwa mdogo pale Igawa, lori lilifeli breki, likaja likipiga honi, likavunja meza yetu ya vitunguu kando ya barabara. Hatukuumia, lakini tangu hapo nikawa nikisikia honi najibanza uvunguni. Mama hakunivuta. Aliinama, akauliza, "Huyo anayepiga honi anaitwa nani?"

"Sijui."

"Mimi namjua. Ni Kipara, kaungua ulimi kwa ugali wa moto, anaomba maji."

Nikacheka, nikachungulia nje. Kila honi tukampa dereva jina na kisa chake, mpaka nikawa nayakimbilia mabasi na vitunguu vyangu.

Jana tukivuka barabara, honi ikalia. Nikamkumbuka Kipara, nikacheka. Ila mkono wangu ulishamkamata baba yako mdogo mgongoni kabla sijafikiri.

Woga wa moyoni wenzako wa maabara wangeuchukua tu, mjukuu wangu. Huu wa mkononi waniachie.

Na uwe unakula, usishinde na chai tu.

Bibi yako anayenyonyesha