Babu wa Kuazima Kutoka Roma

Jumatatu, 10 Februari

Mvua tangu asubuhi. Njia ya kupanda Mibirizi utelezi mtupu. Nimefika darasani na matope hadi magotini. Historia, mwaka wa sita: Warumi walivyobaki vichwani mwa watu baada ya dola yao kuanguka. Nimewaeleza kuhusu watawa wa Ulaya walioandika miaka mia kadhaa baadaye. Waliwapa wafalme wao mababu waliotoka Troya, mji ambao Warumi walidai ndio asili yao. Hivyo mfalme wa Wafaranki, watu walioipa Ufaransa jina lake, akawa ndugu wa Warumi. Ushahidi hawakuwa nao. Haja walikuwa nayo. Darasa limechangamka.

Jumatano, 12 Februari

Prefe wa masomo, msimamizi wetu walimu, ameniita ofisini. Mzazi amelalamika, eti nafundisha kwamba watawa walikuwa waongo.

"Maman Espérance, Ijumaa utaomba pardon mbele ya batoto. Ukikataa, mwaka wa sita nitaupa muntu mwingine."

Sikusema waongo. Nimekasirika.

Alhamisi, 13 Februari

Siombi.

Nilikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nikiambiwa mimi si wa pale. Nikiwa na miaka tisa nilijitungia babu, chifu mwenye ng'ombe wasiohesabika. Niliwaapia wenzangu. Tuliporudi huku Rusizi, wengine wakaniita Mkongomani. Nawaelewa wale watawa kuliko prefe anavyodhani. Kuishi kando ya kuta na barabara za Warumi, halafu kujiona watu wa juzi tu. Lakini kuelewa si kuficha.

Ijumaa, 14 Februari

Prefe alikaa dawati la nyuma, mikono kifuani. Nikasema sina kosa la kuombea radhi. Kila anayeandika historia aulizwe alikuwa anahitaji nini. Hata mimi. Nikawasimulia chifu wangu wa kutunga.

Kisha Clarisse, anayekaa dirishani, akauliza: "Madame, na babu yako wa kweli alikuwa nani?"

"Mkulima wa mihogo kule Rwimbogo. Zaidi ya hapo sijui."

Hakuna aliyecheka. Prefe aliondoka kabla ya kengele.

Jumanne, 18 Februari

Barua imekuja. Nimeondolewa mwaka wa sita, nimepewa mwaka wa kwanza. Imeniuma, sijidanganyi. Nimeingia darasani hivyo hivyo. Tumesoma ramani: mto, mpaka, daraja. Wadogo hawa wanauliza sana.

Saa nne, wakati wa chai, mwalimu aliyechukua mwaka wa sita alikuja kuniomba daftari la somo la Warumi. Nimempa. Sikufuta hata mstari mmoja.