Aliuliza Mara Moja

Florida, hotelini
18 Desemba

Shemeji Verna,

Natangaza kwa ukoo mzima, walio hai na waliotangulia, na kwa washarika wa Kilutheri wa mji wetu wa Bemidji kama wana nafasi, kwamba leo saa nne na robo asubuhi magoti ya Orrin Skoglund yameonekana hadharani kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987. Kaptula kainunua mdogo wako Ardith. Hakuna aliyezimia.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo? Miguu inasemaje na baridi hiyo? Sisi hatujambo, ila mimi nimeungua kipara. Ardith angekusalimu sana kama angejua nakuandikia, ila anadhani nipo kwenye tableti natazama matokeo ya hoki.

Hoteli ni kubwa kuliko Bemidji na ina heshima kidogo kuliko Bemidji. Mapokezini wamejenga nyumba ya biskuti za tangawizi, nyumba ya kuingia mtu, na ndani yake kaketi dada anauza biskuti. Ardith alipita karibu na ukuta, akaugusa, akatazama kushoto na kulia, akalamba kidole. Miaka arobaini na minne ya ndoa sikuwahi kumwona akiiba. Nje ya mlango wa bustani ya michezo kuna fisi maji mkubwa wa manyoya, mtu yumo ndani, kavaa kofia ya nahodha, anakumbatia watu bila kuwauliza. Mimi kanikumbatia mara mbili. Mara ya pili nadhani alikuwa amechoka tu anatafuta pa kuegemea.

Sasa lile ulilonituma. Ni kweli, anataka tuhamie huku. Kile kijitabu cha mtaa wa wastaafu Ardith amekuja nacho, kipo chini ya mto wake. Mtaa wenyewe uko dakika ishirini tu kutoka getini kwa bustani. Nyumba yenyewe ina mlimau nyuma na haina ngazi hata moja. Tumepewa miadi ya kuiona tarehe 27 saa nne asubuhi.

Wewe umenituma kupeleleza, yeye kanileta kubeba mabegi. Kazi zote mbili nazifanya kwa uaminifu.

Shemeji yako,
Orrin

Bemidji
20 Desemba

Shemeji Orrin,

Salamu zimefika, na magoti tumeyasikitikia. Mimi mzima, miguu inauma kwa kiasi chake cha kila siku. Leo ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Kwenu naingia kila asubuhi, nimeacha bomba la jikoni lidondoke ili maji yasigande. Nimeona pia umeficha soseji nyuma ya rangi za kupaka, kule gereji. Zilikuwa nzuri.

Jana nimepika lefse, ile mikate yetu ya viazi ya Krismasi, peke yangu. Wewe hujawahi kuingia jikoni siku ya lefse kwa sababu una akili, kwa hiyo hujui. Ile kazi inataka mikono minne. Mimi nasukuma, mwembamba hadi uone kitambaa kupitia mkate, Ardith anageuza kwa kile kijiti kirefu. Miaka arobaini na moja hivyo hivyo, wala hatuongei. Safari hii nikawa nasukuma huku nakimbilia kugeuza, kama bata aliyefungiwa. Nusu imeungua, nusu ni viazi vibichi.

Sasa nikuambie kinachoniuma. Oktoba alikuja kwangu, akaniuliza, "Dada, tukihamia Florida utaumia?" Nikamwambia, "Aa, wapi! Nendeni zenu." Akauliza tena. Nikasema, "Nendeni jamani, mimi nina mambo yangu." Basi akachukua koti lake, akaenda! Orrin, mtu niliyezaliwa naye tumbo moja, anakomea mara ya pili! Mama alitulea vipi? Hata kikombe cha kahawa hatupokei kabla ya mara ya tatu. Mara ya tatu ndiyo ningemjibu. Sasa nitaanzaje kujibu swali ambalo sijaulizwa?

Kwa hiyo mchoshe. Mpeleke kwenye foleni ndefu ndefu, mtembeze juani hadi aililie theluji. Wewe umeendesha gari la kusukuma theluji miaka thelathini, unajua kuzungusha mtu.

Shemeji yako,
Verna

Florida
23 Desemba

Shemeji Verna,

Hujambo tena? Baridi imepungua? Sisi wazima wa afya, na mmoja wetu ana furaha isiyo na adabu.

Nimetekeleza agizo. Huku ukitaka kupanda gari lolote la maana la michezo ya bustanini unaamka kabla ya saa moja, unashika simu, saa moja kamili unabonyeza kugombea nafasi na watu elfu kadhaa waliovaa nguo za kulalia. Mimi nikawa nabonyeza kwa kuchelewa makusudi. Tukakosa nafasi. Tukapangwa foleni ya kawaida, dakika tisini na tano kwa safari ya dakika tatu. Nikajisemea, hapa Verna atanishukuru.

Mdogo wako dakika tisini na tano hizo alizifanya sebule. Mbele yetu kulikuwa na bibi mmoja wa Ponce, Puerto Rico, ana wajukuu sita wenye fulana za aina moja. Walianza na magoti, wakaja kwenye waume, wakamalizia kwa mapishi. Bibi akamweleza jinsi ya kufunga unga wa ndizi mbichi na nyama ndani ya jani la mgomba na kuuchemsha, chakula chao cha Krismasi. Ardith akamweleza lefse. Bibi akauliza, "Unatia nini ndani?" Akajibiwa, "Siagi." "Na nini kingine?" "Sukari, tukiwa na sherehe." Yule bibi alimshika mkono kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Tulipofika mbele nikamwambia, "Umechoka, twende zetu hotelini." Akasema, "Nichoke nini, Orrin? Nimesimama juu ya kitu kikavu." Gari lile lilitupandisha, likatuangusha, likatugeuza. Mimi nilimwita Mungu kwa majina ambayo mchungaji hakunifundisha. Yeye alikuwa anacheka.

Jioni, saa kumi na mbili na nusu, wanamwaga theluji barabarani. Ni povu la sabuni, mashine zipo juu ya paa. Watu wanashangilia, wanawapiga picha watoto. Na sisi wawili wa Bemidji tumesimama katikati, tumeinua nyuso, sabuni inatuingia machoni. Nikasema, "Tumelipa kuja kuona theluji." Akasema, "Hii haivunji mtu."

Verna, hapo nikamfuta povu mkononi. Februari ile alipoteleza akienda kwenye sanduku la barua, kifundo cha mkono kikavunjika, alilala pale chini dakika arobaini. Mimi nilikuwa gereji na redio, timu yetu inafungwa. Aliita, mimi nikaongeza sauti. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na angenilaumu ningepata usingizi.

Ninachotaka kukwambia ni kwamba sijui tena mimi mpelelezi wa nani.

Shemeji yako,
Orrin

Bemidji
25 Desemba

Shemeji Orrin,

Krismasi njema kwenu. Afya yangu unaijua.

Ya Februari usiniletee mimi. Mimi ndiye niliyemwosha nywele wiki sita. Najua uzito wa kichwa chake kuliko wewe.

Mchana nilikwenda kanisani, wakaniuliza, "Ardith yuko wapi?" Nikasema yuko na fisi maji.

Tarehe 27 mkitoka tu kwenye hiyo nyumba, niandikie. Usile kwanza.

Verna

Florida
28 Desemba

Shemeji Verna,

Najua ulisema nisile kwanza. Nilikula, na usiku mzima nimelala na hili tumboni pamoja na paja la bata mzinga lenye ukubwa wa mguu wa kiti. Hujambo? Kaa chini.

Nyumba ni nzuri, sikufichi. Ni ndogo, sakafu ya vigae, jua linaingia jikoni kama mwenye nyumba. Mlimau upo na una malimau. Sanduku la barua liko hatua sita kutoka mlangoni, nilizihesabu. Ardith hakusema neno. Aliingia jikoni akaanza kufungua droo, moja moja, akizifunga polepole. Mwanamke akishaanza kufungua droo za jiko ambalo si lake, wewe tafuta maboksi.

Aliyetutembeza ni dada mmoja anaitwa Marisol, mzaliwa wa huku huku, mchangamfu, ana karatasi na kalamu. Barazani kulikuwa na mume na mke wa New Jersey wanaosubiri zamu yao, wanagonga kioo kwa funguo.

Marisol akasema, "Haya mama, nyumba hii ni ya aliyesema kwanza. Mnaitaka?"

Ardith akashika kifua. "Aa, hapana, jamani. Tusiwasumbue. Wapo watu wenye haja kuliko sisi."

Mimi na wewe tunajua hayo maneno maana yake nini. Maana yake ni nipe ufunguo. Mtu yeyote wa Bemidji angesema, "Lakini mama, kweli?" Naye angesema, "Hapana, hapana." Kisha angeulizwa tena, angeshusha pumzi na kusema, "Basi, kama haiwi taabu."

Marisol akasema, "Hakuna shida kabisa, mama!" Akaweka alama kwenye karatasi. Akatabasamu. Akafungua mlango wa baraza akawaita wale wa New Jersey.

Ardith alibaki na mkono kifuani. Hakuwa amefika hata kwenye "hapana" ya pili.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nishindwe kuandika jana. Nilikuwa na maneno kamili mdomoni: "Dada, subiri, anaitaka." Muda ulikuwepo. Nikayatafuna, nikayameza. Nikamshika mkono tukatoka.

Garini tulifika taa za pili za barabarani. Halafu akasema, "Orrin, aliuliza mara moja tu." Akaanza kucheka, akacheka hadi nikaegesha. Nikamwambia, "Ningeweza kusema." Akasema, "Najua. Nilikuwa nakutazama." Nikamwambia ni kwa ajili yako wewe. "Mwongo," akasema. Nikasema ni kwa ajili yangu mimi, naogopa kufia mahali nisipojua jina la mwenye duka. Akasema, "Afadhali hiyo." Kisha akanigawia biskuti ya tangawizi kutoka mkobani. Sikumuuliza kaitoa wapi.

Tumeshinda, shemeji. Mbona sisikii raha?

Orrin

Bemidji
29 Desemba

Shemeji Orrin,

Hujambo. Sikulala.

Nilipoimaliza barua yako nilifurahi, nikajikatia keki, nikala nimesimama. Kipande cha pili nilikirudisha sahanini. Nilikuwa namwona anafungua zile droo.

Asubuhi nilikwenda kwenu kuangalia bomba. Nikapita kwenye sanduku lenu la barua. Barafu imekuwa kioo, nimetembea nimeshika uzio kwa mikono miwili, mwanamke wa miaka sabini na tatu, ili nichukue kikaratasi cha tangazo la matairi. Nikasimama pale pale alipoanguka. Dakika arobaini ni nyingi, Orrin. Mimi nilisimama tano nikaondoka.

Sasa mpe tableti asome mwenyewe, kuanzia hapa.

Ardith, hukuniuliza mara ya tatu, kwa hiyo najibu bila kuulizwa, na Mama anisamehe. Nitaumia. Nitaumia vibaya. Lefse nitanunua dukani kama mtu asiye na ndugu. Lakini nenda. Usirudi kuanguka hapa kwa ajili ya mikate. Nami Februari nitakuja kukaa kwako wiki tatu, na nikisema "hapana, nitawasumbua," nipuuze.

Orrin, wewe vaa kaptula yako, mrudi kwa huyo msichana leo leo, mkamwambie anaitaka. Mtu akisema ndiyo siku ya pili yake pia ni ndiyo.

Dada yenu,
Verna

Florida
31 Desemba

Shemeji Verna,

Hujambo, na heri ya mwaka mpya unaokuja. Sisi wazima. Ardith amesoma barua yako bafuni, mlango umefungwa, maji yanatiririka. Alitoka macho mekundu, akasema ni klorini. Kisha akasema, "Chukua funguo za gari."

Marisol alitupokea vizuri. Wale wa New Jersey walikuwa wamesema ndiyo kabla hajamaliza swali, na jana wameshaleta kochi. Tuliliona kupitia dirisha. Ni la ngozi, jeupe.

Marisol akamwonea huruma mdogo wako. "Mama, kuna orodha ya kusubiri. Nikuandi..."

"Ndiyo," akasema Ardith.

Haki ya Mungu, shemeji, alisema kwa sauti iliyomfanya dada wa watu aangushe kalamu. Mimi mwenyewe nilirudi nyuma hatua moja. Akatia sahihi, akachora na mstari chini yake. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaimba, mkono nje ya dirisha, ule uliovunjika, na ameniagiza nikwambie kwamba wiki tatu hazitoshi, uje sita.

Tunatua Jumamosi saa tisa alasiri. Njoo na makoti.

Kwenye orodha tuko namba mia nne na kumi na mbili.

Shemeji yako,
Orrin