Unga Mweupe Juu ya Kiti

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, tarehe 14, saa tisa alasiri

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepoa na baridi ya huko haijakufungia ndani. Sisi ni wazima wa mwili. Watoto wamerefuka hadi sare zao zinaonekana za kuazima. Mume wangu anakohoa, lakini ni kile kikohozi chake cha kutafutia huruma, usikipe uzito. Mimi nala na natembea. Ukiona mwandiko umepinda, usidhani nimeanza kulewa uzeeni. Ni mikono tu, tangu Jumatano haijatulia.

Najua umezoea barua zangu za kuchekesha. Leo niwie radhi.

Nikukumbushe kwanza mahali ninapofanya kazi, maana hujawahi kufika. Nyumba ile ilikuwa ya tajiri mmoja aliyekusanya viti kama watu wengine wanavyokusanya stempu. Alikufa bila mtoto, akaacha nyumba na viti mia moja na kumi na sita, na bodi ikaigeuza makumbusho. Wageni huja kwa ajili ya viti, lakini wengi huondoka wakiisifia nyumba yenyewe: madirisha marefu, ngazi inayopinda kama utepe, na ukumbi wa juu wenye sakafu ya mbao uliolala juu ya ukumbi wa chini. Mimi ndiye fundi wao wa samani. Nakaza miguu iliyolegea, nasuka upya makalio ya viti yaliyochanika, naandika na vile vibao vya USIKALIE. Wenzangu wananiita Randa.

Miezi miwili iliyopita tulianza kuandaa maonyesho makubwa. Mkurugenzi wetu aliyapa jina "Kukaa Kitako: Viti vya Miaka Mia Mbili", akalicheka mwenyewe wiki nzima. Kiti kikuu kilikuwa Kiti cha Jaji, kilichookolewa kwenye mahakama ya zamani iliyobomolewa. Shangazi, usifikirie kiti kama hiki ninachokalia. Kina jukwaa lake, meza yake, ukuta wa nakshi mgongoni na paa la mbao juu, vipande kumi na kimoja, kilo mia nane na zaidi. Mkurugenzi alitaka kikae katikati ya ukumbi wa juu, ili mgeni akimaliza ngazi akutane nacho uso kwa uso na ajione ameshtakiwa. Nilikiunga mimi kwa mikono yangu, siku nne, na nilijivuna.

Wiki iliyofuata mlango wa ukumbi wa juu ulianza kukwaruza sakafu. Nikaupiga randa kidogo chini, ukafunga. Kisha meza moja ya kuandikia, iliyoegemea ukuta, ikawa kila asubuhi tunaikuta droo yake imetoka nje. Mama Funguo, anayefungua milango na kuwatembeza wageni, akawaambia watu kwamba marehemu mwenye nyumba bado anatafuta miwani yake. Wageni walipenda sana. Mimi pia nilicheka.

Halafu siku moja nilikuta unga mweupe juu ya kiti kimoja kwenye ukumbi wa chini. Nilitazama juu, nikaona ufa mwembamba kwenye lipu ya dari, kama unywele. Nikachukua kitambaa, nikafuta kiti. Kesho yake unga ulikuwepo tena. Nikafuta. Siku ya tatu nilipanda juu na gololi ya bluu, nikaiweka karibu na mlango. Iliondoka yenyewe bila kusukumwa, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye jukwaa la Jaji, ikagonga, ikatulia. Niliiokota, nikaitia mfukoni, nikashuka nikaendelea na kazi.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia nyumba za zamani zina tabia zao. Nilijiambia mimi ni fundi wa viti, na kwamba Mkurugenzi ndiye aliyeniajiri wakati mafundi wengine walikuwa wananicheka kwa sababu ni mwanamke mwenye nyundo, nami sitaki kumharibia siku yake. Hivyo nilifuta kile kiti kwa wiki tatu.

Ijumaa, siku moja kabla ya uzinduzi, ndipo nilipokwenda ofisini kwake. Nilimweleza mlango, droo, unga, gololi. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Randa, wewe ni fundi wa viti," akasema, wala hakuwa mkali. "Nyumba ina mhandisi wake."

Alitoa kwenye faili barua ya mhandisi. Niliisoma. Ilisema sakafu ya juu ni imara.

"Hii ni ya miaka miwili iliyopita," nikasema. "Juu hapakuwa na kitu."

"Nitamwita Jumatatu."

"Wageni wanakuja kesho."

"Ndiyo sababu nitamwita Jumatatu," akasema, akafunga faili. Niliona anaifungua na kuifunga tena ile faili, lakini sikujua maana yake.

Jumamosi saa nne asubuhi nyumba ilijaa. Wageni mia mbili, watoto wa shule waliokuja kuimba wamepangwa kwenye ukumbi wa chini, utepe umefungwa juu ya ngazi. Mpango ulikuwa wageni wote wapande, hotuba zisomwe mbele ya Jaji. Shangazi, nilikuwa nimesimama nyuma nikijishika mikono. Nikamwona Mkurugenzi anawapungia watu waanze kupanda. Miguu yangu ikaenda kabla sijaamua. Nilivuta benchi moja refu la maonyesho, nikaliweka likingame mwanzo wa ngazi, nikalikalia. Mimi, mwandishi wa vibao.

Watu walidhani ni mchezo umeandaliwa. Kuna mmoja alipiga makofi.

Mkurugenzi aliinama sikioni kwangu. "Inuka."

"Siinuki."

"Unajua hii itakugharimu kazi yako."

"Nifukuze, lakini nifukuzie hapa hapa nikiwa nimekaa."

Sikusema kwa ujasiri. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto aliyepotea sokoni. Nilikuwa naogopa vitu viwili kwa pamoja: kwamba niko sahihi, na kwamba siko sahihi na nimejiaibisha mbele ya watu mia mbili.

Mgeni wa heshima siku hiyo alikuwa bibi mmoja wa fimbo, binti wa msanifu aliyeichora nyumba. Alisogea mbele, akaniuliza kwa upole, "Binti, kwa nini umekaa hapo?"

"Sakafu ya juu inashuka, Bibi. Nimeipima."

Aligeuka akautazama ukumbi wa chini polepole, mwanzo hadi mwisho, kama mtu aliyerudi chumbani kwake akakuta kitanda hakipo.

"Ukuta uko wapi?" akauliza.

"Ukuta upi?" Mkurugenzi akasema.

"Hapa katikati palikuwa na ukuta. Nilikuwa naupigia mpira nikiwa mdogo. Baba alinikemea siku moja, akaniambia nisiuchezee, ndio unaobeba ukumbi wa juu."

Mkurugenzi akajibu, "Tuliambiwa ni wa kugawa vyumba tu. Tuliutoa miaka sita iliyopita ili ukumbi uwe mpana."

Bibi aliinua macho darini, nasi wote tukainua. Ule unywele ulikuwa sasa na upana wa kamba ya kiatu. Nilisikia watoto wakinong'onezana.

Nampa haki yake Mkurugenzi. Alichukua kipaza sauti na kusema, kama mtu anayetangaza chai iko tayari, "Wageni wetu wapendwa, uzinduzi tutaufanyia bustanini. Tutoke polepole kwa mlango mkubwa. Watoto watangulie." Watu walitoka wakilalamika juu ya jua. Mimi nilibaki kwenye benchi mpaka wa mwisho alipovuka kizingiti.

Mhandisi alikuja alasiri hiyo hiyo. Alitoboa dari karibu na ukuta wa nje, akaingiza kichwa na tochi. Aliposhuka alivua kofia, akaenda kukaa nje kwenye majani. Boriti ya kati ilikuwa imepasuka kwa urefu wake. Alisema mkono ungeingia kwenye ufa. Nilimuuliza kama watu mia mbili wangepanda ingekuwaje. Aliomba maji.

Walisimamisha nguzo za chuma chini ya dari. Lakini boriti isingeweza kushughulikiwa mzigo ukiwa bado juu, na Jaji haburutwi, anafunguliwa kipande kwa kipande na mtu anayejua viungo vyake. Mhandisi alitaka mtu mmoja tu, na mwepesi. Watu wote wakanitazama. Nina kilo hamsini na mbili, Shangazi, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani ningekuwa mnene.

Jumatano asubuhi nikaingia. Nilivua viatu. Walinifunga kamba kiunoni, ncha moja kwenye chuma cha ngazi, ambayo inashikwa na ukuta wa nje. Mkurugenzi alisimama pale mlangoni kupokea vipande. Mhandisi alimkataza, yeye akakataa kuondoka. Alitaka hata kuingia anisaidie, nikamwambia, "Mzee, kwa tumbo hilo utatumaliza wote wawili." Hakucheka, nami sikuwa natania.

Paa lilitoka, na ukuta wa nakshi ukatoka kwa vipande vinne, kisha meza. Kila kipande nilikilaza juu ya blanketi na kukisukuma taratibu hadi mlangoni. Kipande cha saba kilikuwa mgongo wa jukwaa. Nilipong'oa kigingi cha kwanza, nyumba ilitoa mlio. Haukuwa mlio wa kuvunjika. Ulikuwa kama mtu mkubwa anayevuta pumzi ndani, na sakafu ikashuka chini yangu upana wa kidole gumba.

Nililala kifudifudi. Sikuamua kulala, nilijikuta nimelala, shavu kwenye mbao. Niliona vumbi kwenye mwanya wa mbao mbili, niliweza kuhesabu punje. Nilijaribu kusogeza mkono, mkono ukakataa.

"Randa," Mkurugenzi aliita. "Nitazame."

"Siwezi."

"Basi usinitazame. Niambie tu, kipande hicho kimeungwaje?"

Akauliza tena, kwa sauti ile ile ya ofisini. "Kimeungwaje? Nataka kuandika kwenye kibao."

"Vigingi vinne," nikasema kwenye sakafu. "Hakuna msumari. Viwili mbele, viwili nyuma. Vya nyuma vimekatwa mshazari."

"Kwa nini mshazari?"

"Ili visirudi vyenyewe."

"Umefungua vingapi?"

"Kimoja."

"Kinachofuata kiko wapi?"

Kilikuwa karibu na mkono wangu wa kulia, na mkono ukaenda. Ndivyo tulivyokwenda, yeye akiuliza maswali ya kijinga ambayo majibu yake anayajua, mimi nikijibu nikiwa natambaa, hadi kipande cha kumi na kimoja. Sakafu haikuanguka. Ipo mpaka leo, imeshikwa na vyuma.

Baadaye tulikaa bustanini, yeye na mimi, kila mtu na chupa yake ya maji. Nikamweleza nilichomficha Ijumaa ile ofisini, kwamba unga haukuwa wa juzi tu. Niliufuta kila asubuhi kwa wiki tatu.

Alifunga kizibo cha chupa yake. Kisha akauliza, "Kiti cha tatu kutoka dirishani?"

"Hicho hicho."

"Mimi nilikuwa nakifuta jioni, kabla hatujafunga."

Tulitazamana, Shangazi. Sijawahi kuogopa uso wa mtu kama nilivyouogopa ule, nadhani na yeye aliogopa wangu.

Kaka alinisomea ujumbe wako wa Alhamisi. Kumbe habari zimefika huko, umeambiwa nilizuia watu mia mbili, umewaambia majirani zako wote, na unaniita shujaa. Ndiyo sababu nimekaa kuandika, maana kwa simu ningelia tu na wewe ungedhani ni furaha.

Jioni ya kuamkia siku niliyomwendea Mkurugenzi ofisini, binti yangu wa pili alinipa karatasi ya shule niweke sahihi. Kwaya yao imealikwa kuimba kwenye uzinduzi, ukumbi wa chini. Niliweka sahihi, kisha nikaenda kusimama bafuni nimefungulia bomba. Kesho yake asubuhi ndipo nilipopata mdomo. Wiki tatu walipita chini ya dari ile watoto wa watu na wazazi wa watu, nikawa nafuta kiti. Alipotakiwa kusimama hapo wa kwangu, nikajua mara moja kwamba si tabia ya nyumba. Mume wangu hajui. Mkurugenzi hajui. Sasa unajua wewe.

Kesho saa tatu bodi inatuita sote wawili. Yeye atasema habari ya ukuta na ya kitambaa chake. Mimi nitasema ya kwangu, pamoja na hiyo karatasi ya shule. Huenda nikarudi bila kazi. Naogopa, lakini ninaogopa zaidi kukaa na watu wanaonisifu.

Nisalimie wifi yako na yule mjukuu wako mtundu. Mwambie bado nina gololi yake ya bluu aliyoniachia. Mkumbatie binamu yangu mkubwa, na umwambie picha za harusi zimefika salama. Kaka na watoto wanakuamkia. Mola akukinge na baridi hiyo, akupe goti la msichana, na akuwekee dari nzima juu ya kichwa chako.

Ukimaliza kusoma, nipigie. Usinitetee. Nisikilize tu.

Ni mimi nikupendaye, binti wa kaka yako,
Randa