Wazungu Waliopakia Mashua

Kensington, Johannesburg
Mei 2010

Kwa dada yangu Hadija,

Natumaini barua hii itakukuta umeshaswali, chai iko mezani na mguu umepungua kuvimba. Na kifua cha shemeji kinaendeleaje? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi imeanza kunitafuna vidole. Huku miti inapukutisha majani yake yote, na wenyeji wanasema baridi yenyewe bado haijafika.

Barua yako niliipata. Niliisoma nikaikunja, nikaisoma tena. Unataka jibu kabla Ramadhani wa vitenge hajaanza safari ya kuja huku: aje na Zawadi kwenye basi, au mtoto abaki kwako. Zawadi ni wangu na unajua nilivyomlilia. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, nusura nikupigie simu. Lakini kwanza nikusimulie kilichonipata, ucheke, halafu ndipo nikujibu.

Saluni ninakosuka, maneno yamekuwa mengi. Watu wanasema mpira wa dunia ukiisha na wageni wa ndege wakiondoka, sisi wageni wa basi tutafukuzwa, kama mwaka ule walipochoma vibanda vya watu. Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu ninayesuka naye kiti kwa kiti, alisema, "Miye sina tena fasi ya kukimbilia. Wakikuja watanikuta naosha vyombo." Tulicheka, lakini tangu siku hiyo nalala na viatu karibu.

Basi, asubuhi moja ya siku ya mapumziko, niko uani nafagia, nasikia miguu mingi barabarani, inakwenda haraka. Nikachungulia getini. Dada, nakuapia, barabara imejaa watu. Wazungu kwa Waafrika, wazee kwa watoto, kila mmoja na begi mgongoni na chupa ya maji, wengine na fimbo. Baiskeli zinapita, moja imebeba mtoto nyuma. Magari yanafuata, na juu ya magari wamefunga mashua kwa kamba. Mashua, Hadija, kwenye mji usio na ziwa.

Unakumbuka kule kwetu Rumonge, kando ya ziwa, tulivyokuwa tunajua kwamba mambo yameharibika? Si kwa redio. Tulikuwa tunawatazama wazungu wa misheni. Wakianza kupakia gari, mama naye anakunja mikeka. Hakuna aliyebishana na hilo, na ndilo lililotuokoa mara mbili. Sasa mimi naona wazungu wamepakia mpaka mashua, nifanye nini tena? Nikaingia ndani, nikatia kwenye begi karatasi zangu za ukimbizi, blanketi, sufuria ndogo, unga na mikasi ya kazi. Nikafunga mlango, nikawafuata. Sikuuliza mtu, maana sisi tumelelewa kutouliza saa kama hizo.

Njiani mama mmoja wa makamo, Mzulu, alipunguza mwendo tukawa sambamba. Jina lake Nomsa, anafundisha watoto wa chekechea. Aliniuliza kwa Kiingereza kama ni mara yangu ya kwanza. Nikamwambia hapana, ni ya tatu. Akafurahi, akasema basi nitawasaidia wageni kwenye mawe. Nikajisemea huyu mama ana moyo kweli, anakimbia huku anatabasamu.

Tukapanda kilima kilicho nyuma ya nyumba, kwa njia nyembamba katikati ya mawe na nyasi zilizokauka. Sufuria inanigonga mgongoni. Juu kabisa wote wakasimama. Nikageuka kutazama mji, natafuta moshi. Hakukuwa na moshi. Majengo ya mjini yametulia kwenye jua, na nyuma yangu watu wanamenya ndizi na kupigana picha. Mzee mmoja anapiga mluzi. Ndipo nikaelewa. Walikuwa wanatembea tu. Wametoka majumbani kwao na mizigo mgongoni kwa kupenda wenyewe, na mchana kila mtu atakuwa kwake anakula.

Cheka tu, hata mimi nilicheka baadaye. Pale juu nilikaa chini. Nomsa akaja kuninyanyulia begi, akashtuka kwa uzito wake, akafungua kidogo akaona sufuria na unga.

"Nani anakufukuza?" aliniuliza polepole.

"Bado," nikamjibu. "Nilidhani ni leo."

Alilivaa begi langu mgongoni, lake akaliweka kifuani, akateremka nayo yote mawili mpaka kwenye bwawa lililo upande wa pili wa kilima.

Bwawa lenyewe ni dogo, ungelizunguka kabla wali haujaiva. Wenye baiskeli walishafika kwa njia ya lami, na mashua zimeshushwa majini, za plastiki, nyembamba, rangi kama za pipi. Nomsa akanitia katika moja, akanipa kasia. Mikono ilikumbuka yenyewe. Nikapiga kasia mpaka upande wa pili, na kule hakukuwa na cha kufikia: majani makavu yanaelea, na mzungu mmoja na mbwa wake. Nikageuza, nikarudi. Ndivyo wanavyofanya wote, wanakwenda na kurudi palepale, na wanafurahi. Mimi zamani kila nilipopanda chombo ulikuwa umenishika mkono, na ng'ambo baba alikuwa anatuhesabu. Nililia. Wakadhani ni baridi, wakanipa chai.

Walipomaliza wakafunga mashua zao juu ya magari. Nomsa alinisindikiza mpaka kwenye roboti, huku taa za kuongozea magari wanaziita hivyo, akaniambia mwezi ujao watatoka tena, nije bila sufuria. Nadhani nitakwenda. Ni mtu mwema, lakini kwake kuna wajukuu wanaomsubiri, na mimi nilirudi peke yangu. Nikafungua mlango, nikarudisha unga kwenye kopo. Mwenye nyumba alikuwa anaosha gari, akanisalimia kama kawaida. Dada, nilikuwa nimehama, nimeacha kila kitu, na hakuna hata mtu mmoja aliyejua kwamba sipo. Upweke wa huku ndio huo, sijui kuueleza vizuri zaidi.

Kwa upweke huo ningesema Zawadi aje hata kesho. Lakini kuna jambo limenikaa. Pale getini, begi likiwa mgongoni, neno la kwanza kunitoka lilikuwa Alhamdulillahi, mtoto hayupo. Sikulifikiri, lilitoka lenyewe. Siwezi kumwita mtoto mahali ambapo mama yake anashukuru kwamba hayupo. Asipande basi. Abaki kwako, asome.

Nisalimie shemeji, na shangazi muuza mawese, mwambie ya huku hayana harufu. Msalimie mdogo wetu wa kiume na mkewe mpya ambaye sijamwona, na jirani aliyekushikia mtoto ulipolazwa. Zawadi mkumbatie, usimwambie ni kwa niaba yangu, mkumbatie tu.

Halafu, kwenye simu uliniambia mtoto akikuita mama unamsahihisha, unamwambia wewe ni mama mkubwa, mama yake yuko Afrika Kusini. Usimsahihishe tena.

Mdogo wako akupendaye,
Zaina